Maharage ya Aya ya Mwisho

Rehema,

Hadithi yako itachapishwa, lakini huenda ikakosa aya ya mwisho. Mzee Kato ndiye aliyesema Jumamosi iliyopita, akiwa mwenyekiti wa kikao chetu cha waandishi na mhariri wa kitabu chetu cha hadithi. Kwa maoni yake, hadithi inaisha pale mjane wa askari anapofunga mlango wa nyumba ya polisi kule Naguru na kumkabidhi ofisa ufunguo. Yale maharage yanayofuata, alisema, ni mkia. Baadhi ya wenzake walimpinga, na uamuzi ukasogezwa hadi Jumamosi hii.

Tangu siku hiyo situlii. Nakaa kuandika habari, nainuka. Nachemsha chai, nakuta imepoa mezani sijaigusa. Umenizoea mtu wa kuandika kuhusu moto sokoni na bado nikala chakula changu cha mchana. Basi sasa aya moja ya maharage inanizungusha chumbani.

Bado tunakutana Wandegeya, chumba kilekile juu ya duka la kuchapisha. Wameleta mashine mpya, inaguruma mpaka vikombe vinatetemeka, na msomaji hulazimika kupaza sauti kama muuza nyanya. Siku hizi anayesoma ni Nakato, yule mwanafunzi uliyekuwa ukimwambia asizipite nukta mbio. Hakimbii tena. Alisoma hadithi yako polepole, na alipofika kwa mjane aliyeketi juu ya furushi lake kando ya barabara, akifunua sufuria na kula maharage na binti yake mpaka wakashiba, hakuna aliyegusa chai.

Kisha wakaanza. Kato akasema hadithi hii haihusu njaa, hii ni hadithi ya nyumba. Nakato akamjibu, "Ssebo, bwana mzee, hadithi zako wewe zinaishia kwa mawaidha, mbona hatuzikati?" Watu wakacheka, na Kato mwenyewe akacheka. Mwingine akauliza mtu aliyefukuzwa nyumbani anapata wapi hamu ya kula. Mwingine akasema maharage hayo yametoka wapi, maana mwanzoni jiko limeshauzwa. Hilo lilinigusa. Ni swali la mwandishi wa habari, na sikuliuliza mimi.

Unaikumbuka kanuni, maana uliitunga wewe: mwandishi ananyamaza mpaka wote wamalize, halafu anapewa neno la mwisho, na hilo neno lisiwe la kueleza yaliyotokea kweli, wala mwingine asimwelezee. "Hadithi ikihitaji mwenyewe asimame kando kuitetea," ulikuwa ukisema, "hiyo imeshakufa, tuizike." Walipomaliza, Kato akageukia kiti chako cha dirishani kama alivyofanya miaka yote, akasema, "Haya, mwandishi, zamu yako."

Sote tuligeuka. Hata mimi, niliyesimama kaburini kwako.

Mashine ya chini ikaendelea. Kato akavua miwani, akaifuta, akasema tukutane tena Jumamosi.

Nilichofanya baada ya hapo ungekicheka. Nilikwenda kuthibitisha. Mara ngapi uliniambia naandika makala kama ripoti ya kituo cha polisi, nami nikakwambia wewe unadanganya kwa ruhusa? Nilipanda boda mpaka Namuwongo, nikashuka karibu na reli, nikatembea hadi kwa mama yako. Hajambo. Goti linamsumbua. Bado anauza mkaa mlangoni, na bado anamwita kila mteja "afande", awe na sare au asiwe nayo.

Nilimsimulia hadithi yote. Alisikiliza huku akipima mkaa, akiitikia kwa kichwa pale nilipopatia: rangi ya mlango, ofisa aliyekataa kumtazama usoni, sare ya baba yako aliyoipiga pasi kabla ya kuirudisha. Nilipofika kwenye sufuria, mkono wake ukasimama.

"Maharage gani?" akauliza. "Siku ile hapana chakula. Jiko tuliuza. Rehema alilia njaa mpaka huku, mimi nabeba yeye na furushi."

Nikamwambia kwenye hadithi mlikula. Mlikula mkashiba.

"Yeye aliandika hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Alicheka, Rehema. Kicheko kikubwa, jirani akachungulia. Halafu akakaa kwenye kigoda na kufuta mikono kwa kanga, muda mrefu, kana kwamba mkaa ungeweza kutoka. Akaniuliza kama yalikuwa na chumvi. Nikamwambia hukuandika. "Yalikuwa na chumvi," akasema.

Nikamweleza kwamba kuna watu wanaotaka kuiondoa sehemu hiyo. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa sokoni.

"Ambia hao watu wasinyang'anye chakula yangu."

Sasa unaona kinachonikosesha kukaa. Yule aliyeuliza maharage yametoka wapi nina jibu lake, limethibitishwa na shahidi aliyekuwepo, na kanuni yako inanikataza kulitoa. Nimelitafuta tundu la kupitia, nikaliona moja tu. Kanuni inamfunga anayesema. Haimkatazi mtu kuja kusikiliza. Nimemwomba mama yako aje. Sitamtambulisha kama yule mjane, wala yeye hataeleza kitu. Amesema hana la kuwaambia wasomi, anataka tu kusikia anavyokula. Nakato atasoma tena aya hiyo peke yake, kisha Kato ataomba mikono inyooshwe. Mkono wangu utakuwa juu. Mimi, niliyekukatia kwa kalamu kila kisichoweza kuthibitishwa, nitapigania sufuria ambayo haikuwepo, na sitabadilisha hata koma.

Lala, rafiki yangu. Aya yako nitailinda kama ulivyoiacha.

Kikao ni Jumamosi, saa nane mchana. Mama yako nitampitia saa sita, kwa sababu ya goti. Amesema tusinunue chakula njiani, atapika yeye.