Mafuta ya Njia ya Mkula

Marahaba, mjukuu wangu Deo. Mpunga tumevuna, bibi yako bado anakohoa, nami nimechoka hadi kalamu naiona nzito.

Unalalamika pikapu yako inakunywa mafuta kuliko alivyoahidi muuzaji. Huyo hajaendesha masika. Miaka ya hamsini niliendesha pikapu ya tajiri mmoja kutoka Mkula hadi Ifakara, tope tupu, gia ya pili njia nzima. Tajiri alikataza kubeba watu, eti wanamaliza mafuta. Siku moja nikampakia mama mwenye uchungu, ndugu zake nao wakapanda. Kweli, mafuta yakatuishia tukiwa tunaiona Ifakara. Ndugu wakashuka.

“Wewe shika usukani tu, dereva.”

Wakasukuma mpaka hospitali. Mama akajifungua salama.

Kipande kile, Deo, gari halikunywa hata tone.

Babu yako