Haikuwa Sumu

Dada Pétronille,

Watoto hawajambo, Délice ameota jino.

Daktari amenieleza kilichomuua ndugu yako. Ile mashine ya Bujumbura iliyomvunjia mawe ndani ya figo ilimjeruhi, damu ikavujia ndani. Jambo hilo hupata watu wachache sana. Vita vilikuwa vimefunga mpaka, hatukuweza kumrudisha kule hospitali. Ubavu ulipovimba, wewe ukasema, “Mama mukwe wake amemupa sumu!” Ukamtapisha siku mbili kwa majani, na mimi nikashika beseni.

Hilo sikulaumu peke yako. Lakini mama yangu amejificha kwa mapadri, vijana wa Sange wanataka kumchoma. Kesho panda pikipiki uje Sange, uwaambie ulikosea. Usipofika, nitakufuata Kamanyola na mtoto mgongoni.

Ni mimi, muke wa marehemu ndugu yako,
Bernardine