Jina la Gracia Kwenye Maboksi

Jumanne, 4 Novemba 2025
Sura ya tisa imegoma! Walowezi wangu wamenaswa kwenye sayari yao, madola mawili ya nyota yanapigana juu ya vichwa vyao, chombo cha mwisho kinaondoka — na mimi silii. Kama mimi silii, msomaji atalia? Vuai, mhariri wangu kule Unguja, anaitaka Jumamosi. Asipoipata, kitabu kinasogezwa mpaka 2027. Hakisogezwi ng'o!

Alhamisi, 6 Novemba
Dada Jeanne, Mkongo wa chumba cha pili, karudi kutoka Shiling, kwenye viwanda vya mikoba, na mzigo wake. Nikamsaidia kufunga maboksi. Hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika Guangzhou, kila mfanyabiashara ana alama yake, anaiandika kwa maka pen ili mzigo usipotee bandarini Nansha ndani ya kontena la watu wengi. Yake ni GRACIA, na namba ya simu. Miaka miwili nilidhani ni jina la duka! Nikamtania, duka lenyewe mbona halina bango.

Si duka. Ni mdogo wake. Vita vilipoingia kwao, lori lililowabeba liliondoka, Gracia akabaki barabarani. Miaka kumi na moja sasa. Maboksi yanazunguka Kongo nzima, anasema, siku moja Gracia mwenyewe atalisoma jina lake, atapiga simu.

Nilijiona mjinga, basi tu. Nikaomba nimtie kwenye kitabu. Akafikiri weee. Mtie, petite, mdogo wangu, lakini usimuue.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeandika tangu asubuhi mpaka wali ukaungua. Kurasa kumi na nne! Chombo kinaruka, msichana anabaki uwanjani, dada yake anagonga kioo. Leo nimelia, kamasi na kila kitu. Nimetuma.

Jumamosi, 8 Novemba
Vuai kajibu. Sura kali, kaipenda mno. Ila msichana afe — bomu moja, sentensi mbili, vita viwe na uzito. Leo leo, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Sentensi mbili! Miaka minne nimekihangaikia kitabu hiki. Nakitaka, jamani, nakitaka. Lakini nimemjibu: hafi. Kama hataki abaki hai, anirudishie mswada wangu.

Ameona ujumbe. Nimegeuza simu kifudifudi.

Dada Jeanne kaja na chai, kakaa kitandani kwangu, anataka nimsomee sura yote. Nimesoma mpaka mlango wa chombo unapofungwa, nikaishia hapo, maana ndipo sura inapoishia. Kaniambia niendelee. Baada ya pale, anauliza, Gracia alikwenda wapi?