Mtoto Asiyetambulishwa

Jumatatu, 4 Mei

Kosa la wengi wanaoukagua mji wa chuo ni kukikagua chuo. Wanatazama majengo, wanaulizia maji na umeme, wanasifu lami, kisha wanahamisha vyombo. Chuo hakilei mtoto. Mtaa ndio unaolea.

Nimeanika mahindi, nimefukuza kuku, nimekaa. Deus, mwanangu, amepiga simu tena kutoka Dar. Chuo cha hapa Mpanda kimempa kazi ya kufundisha na kinataka jibu wiki ijayo. Anauliza kama panafaa kumlea Tumaini, mjukuu wangu wa miaka mitano. Nimemwambia asubiri. Moyo wangu unataka waje hata kesho. Ndiyo maana siuamini.

Jumanne, 5 Mei

Mama Kulwa, jirani anayepangisha wanachuo, ameniletea bakuli la karanga. Hajaniletea karanga tangu mwaka jana.

"Mwalimu, nasikia mwanao anarudi! Na mkewe? Na mtoto?"

Nani kamwambia? Uani kwake kuna vyumba vitupu. Nimejibu kwamba hatujaongea. Uongo mtupu. Karanga nimezila. Tamu. Simwamini.

Jumatano, 6 Mei

Nimefanya jaribio. Zamani hapa mtaani kwetu Misunkumilo mtoto akionekana barabarani saa za shule, mtu mzima wa kwanza humsimamisha. Wa nani wewe? Unakwenda wapi? Undugu haukuhitajika. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyolea.

Nimekaa kwenye benchi karibu na hosteli. Amepita binti mdogo, sare mwilini, begi analiburuta. Fundi cherehani amemwona. Muuza chipsi amemwona. Vijana wa bodaboda wamemwona. Kimya. Nimemwita mimi, akakimbia.

Nimerudi na hasira. Mji huu sasa unafaa kupangisha vyumba. Kulea, hapana.

Happiness, mkwe wangu, anakuja Ijumaa na mtoto kujionea. Sitamwambia mtu. Wakijua, wataanza kutabasamu kwa zamu.

Ijumaa, 8 Mei

Wamefika, wamechoka na safari. Tumaini amenipa shikamoo kabla ya kukumbushwa. Kidogo nilie. Mama yake anatazama kila kitu. Muziki wa hosteli ulipoanza, alifunga dirisha. Nimeliona hilo.

Majirani wameulizia sauti ya mtoto. Nimesema ni redio.

Jumamosi, 9 Mei

Tumaini alipotea.

Tulikuwa tunasonga ugali. Tumegeuka, hayupo. Nilitoka mbio na kandambili hadi kwa fundi cherehani.

"Nimemwona, Mwalimu. Kapita anafuata mbuzi."

Mbona hukumsimamisha? nikamuuliza.

"Nimsimamishe, wa nani? Nilidhani wa wageni wa chuo. Nilishamkemea mmoja anacheza barabarani, mama yake akanishitaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Watoto wa watu wa chuo hawaguswi!"

Happiness alikuwa amefika, analia na kuita.

Ndipo Mama Kulwa akatokea, kamshika Tumaini kifundo cha mkono, anatukemea sote. Alimkuta nyuma ya hosteli, ameinamia jiko la mkaa la wanachuo.

"Mwalimu, una mjukuu ndani humleti? Nimemshika kwa sababu ya hii pua yako tu. Angechukua pua ya mama yake, ningemwacha apite!"

Fundi alicheka. Happiness hakucheka. Alimpokonya mtoto, akaingia ndani bila kushukuru. Naogopa amekwisha kuamua.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya ibada nimemweleza mkwe wangu, taratibu, kama darasani. Mtoto wa hapa hutambulishwa. Akiletwa, mtu wa kwao humpitisha nyumba kwa nyumba na kumtaja jina. Kuanzia siku hiyo nyumba hizo zinaweza kumlisha, kumtuma dukani, kumkemea, kumrudisha kwa mama yake. Asiyetambulishwa ni mpita njia. Watu wa chuo huhamia bila kupitisha watoto, kwa sababu hawajui. Wenyeji wanaona wanaringa, wananyamaza. Kila upande unauhukumu mwenzake. Ndicho nilichokiona Jumatano nikasema mji haufai kulea.

Na mimi ninayeijua desturi nimemficha mtoto ndani, nikamfanya redio. Aibu.

Sikumpambia. Nimemwambia watamkemea mwanae bila kumwomba ruhusa.

"Na kumchapa je, Mama?"

Hilo husemwa siku hiyo hiyo, mlangoni: kumkemea sawa, kumchapa hapana. Wataheshimu? Wengi. Wachache nawatilia shaka, na nimemtajia majina yao.

"Kule Dar jirani yangu simjui hata jina," akasema. Kisha: "Mpitishe. Nitatembea nyuma yenu nione wanavyompokea. Ndipo nimpigie Deus."

Sijui atasema nini. Simwombi chochote.

Jumatatu, 11 Mei

Baridi kidogo. Happiness anamsuka Tumaini nywele mlangoni, polepole. Mtoto ananiuliza kama kwenye nyumba hizo kuna mbuzi. Wapo wachache.

Leo, kabla jua halijawa kali, najiagiza: mshike mkono, anzia kwa Mama Kulwa, sema huyu ni wangu.