Sala Iliyobaki Mwishoni mwa Wimbo

Wewe! Acha unachofanya usome hapa. Nimeumbuka!

Wimbo wetu si umetoka leo asubuhi? Magita yananguruma, kwaya inaitikia haleluya, raha tupu. Kumbe fundi wa studio kapakia faili ambalo halijakatwa mwisho!

Na huko mwisho kuna nani? Kuna MIMI. Nilidhani maiki imezimwa, nikawa naomba kwa sauti: "Ee Bwana, mlainishe baba yangu. Kichwa chake kigumu kuliko jiwe, lakini nampenda, na nimechoka kununiwa."

Kuliko jiwe! Nimesema hivyo, na watu wanasikia!

Baba unamjua. Mwalimu wa kwaya miaka thelathini. Tangu nishike gita la umeme, miezi minane sasa, akiitikia shikamoo yangu basi, imetosha.

Saa nne simu ikaita. Baba! Nikakaa sakafuni, nikapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikiliza wimbo wako."

"Wote?"

"Mpaka mwisho."

Nikamwambia anisamehe, naufuta sasa hivi. Akasema, "Sala haifutwi."

Mwenzangu, machozi yalinitoka. Halafu akakohoa, kile kikohozi chake cha kuanzisha kwaya, akasema: "Ila sauti ya besi imepwaya mno. Ulimpa nani? Mkirekodi mwingine, uniite."

UNIITE! Baba yangu huyu huyu!

Nikamwambia tutarekodi wiki ijayo.

Akauliza, "Kwani leo studio wamefunga?"