Kula au Kura: Herufi Moja Inaniharishia Tumbo

Shangazi Agneta wa gazeti, pokea salamu za mzee asiyelala, na tafadhali jina langu usilitoe wala la chifu wangu, nisaidie kabla ya Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndiyo siku nitapewa zawadi ama nitafungwa pingu, sijui ipi itakuja mbele.

Mimi ni mtu wa upande wa Malakisi, mvi zimeniota mpaka puani, shule niliacha darasa la nne baada ya kumchora mwalimu na masikio ya punda, lakini mwaka huu chuo kimoja hapa Kitale kilitangaza kozi ya katuni, ati watu wajifunze kuchora hadithi za kufundisha wakulima, na hawakutaka cheti, walitaka tu ujue kuchora na chifu wako akujue, basi chifu akanipigia muhuri nikaja, naketi darasani na watoto wanaonisalimia "Niaje, buda!", buda kwao ndiyo mzee, nami nawajibu "Poa" kama mjinga.

Tumefundishwa vizuri, kwamba ukurasa unagawanywa vijumba vijumba, na mtu akisema neno unalifungia ndani ya baluni juu ya kichwa chake, baluni yenye mkia unaoelekea mdomoni ili ijulikane nani amesema, na hapo kwa baluni ndipo nimeanguka, Shangazi.

Mwalimu wetu, kijana anaitwa Rotich, alisema tuchore kitu tulichoona kwa macho, nami nikachora harusi ya binti ya Walubengo, vile watu walipanga laini na sahani zao, jua linawachoma, na chifu ameketi mbele kabisa amekumbatia sufuria ya kuku, kofia yake, kifimbo chake, tumbo lake, vyote nimeweka, na kwa baluni nikataka kuandika vile alisema siku ile, KULA NI YANGU, MTU ASIGUSE, chakula kwetu tunaita kula, lakini wewe ni mtu wa kwetu, unajua ndimi zetu, L na R kwetu zinalala kitanda kimoja, mkono ukafuata ulimi nikaandika KURA.

Si unakumbuka mwaka huu tulipiga kura ya mlolongo, watu wamesimama laini nyuma ya wagombea, na manung'uniko yaliyofuata, ati wenye laini fupi ndio walitangazwa washindi? Sasa tazama picha yangu: mlolongo, chifu, KURA NI YANGU, MTU ASIGUSE. Rotich alipoiona alifunga mlango, halafu akafunga dirisha.

"Mzee, hii ni moto. Umefanya makusudi?"

Sikujua anauliza nini, lakini alikuwa ananitazama vile bibi yangu hajawahi kunitazama, nikamwambia, "Sasa wewe unaonaje?"

Darasa lote wakapiga makofi, msichana mmoja, Chepkorir, akaniuliza, "Buda, kwani huogopi?" nikasema, "Niogope nini na umri huu, bana!" na kumbe hata sijui nimefanya nini, mpaka nilipotoka nje nikafikiria yale maneno vizuri, nikakaa chini kwa nyasi.

Sasa picha imekuwa ya kwanza katika mashindano ya darasa, Ijumaa itabandikwa ukumbini, D.O., mkubwa wa machifu, ndiye mgeni, na chifu amealikwa kwa sababu ndiye alinipigia muhuri, na mama Khaemba, bibi yangu, ameshonesha nguo mpya ya kuja kuniona. Nikisema nilikosea herufi watoto watanicheka na ushujaa wangu utaisha, nikinyamaza ni polisi, na kila gari ya serikali ikipita mimi najificha chooni. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna mtu amenirekebisha hata neno moja, kwa hivyo makosa yaliyomo nisamehe.

Mzee wa Baluni, Kitale

*

Mzee wa Baluni,

Kwanza toka chooni, wenzako nao wanataka kuingia.

Pole kwa hofu, hiyo ni ya kweli na si ya kuchezea. Watu wamelala ndani kwa maneno madogo kuliko lako. Ndiyo maana nitakugombeza.

Barua yako nimeisoma nikitafuta hayo makosa uliyoniombea msamaha. Umeandika darasa, umeandika laini, umeandika wakulima, hakuna L iliyopotea wala R iliyotoroka. Ulimi wa kwetu ulikukumbuka pale tu kwa mdomo wa chifu? Wewe uliyemwekea mwalimu masikio ya punda! Mimi si polisi, sitakuuliza tena. Lakini D.O. atakuuliza, na kisingizio chako kitaanguka vile kimeanguka kwangu, na mimi nilikuwa nakunywa chai tu, sina hata kiboko.

Ukweli ni kwamba umeonja makofi ukayapenda. Hao watoto watakuwa wapi Jumamosi, mama Khaemba akizunguka na ile nguo yake mpya akiuliza seli yako ni ipi? Na huyo Rotich, kama picha ni nzuri hivyo, mbona alifunga dirisha? Mwambie kama anapenda ujasiri achore wake, na jina lake aliweke chini.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi chukua rangi nyeupe, funika hiyo R, ngoja ikauke, andika L nene inayoonekana kutoka mlangoni. Watu na laini yao waache, kupanga laini ya kuku hakujawa kosa. Tumbo la chifu pia liache, alilikuza mwenyewe. Kisha simama mbele ya darasa useme, "Nilikosea herufi." Watacheka. Acha wacheke, kicheko hakina pingu. Wakikunyang'anya zawadi, nguo ya mama Khaemba bado itaenda kanisani.

Na Ijumaa D.O. akifika mbele ya picha yako, usiieleze hata kidogo. Vua kofia, umgeukie chifu, mtu wa kwetu mwenye ulimi kama wako na wangu, umwombe kwa heshima zote awasomee wageni hiyo baluni. Kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie.

Shangazi Agneta