Kwa Nini Baba Aliacha Kusoma Kanisani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wifi mgongo umempa nafuu. Huku tu salama. Mama ameutupa mkongojo na hataki kuambiwa apumzike.

Parokia yetu inatimiza miaka themanini, na mchungaji amenitwika kazi ya kuandika historia yake. Nilidhani ni kunakili tu. Kumbe! Kabati la sakristia limejaa madaftari, mengine yameliwa na mchwa. Nimejifunza kuwa mawe ya kanisa yalibebwa vichwani na akina mama, na kwamba upepo ulipong'oa paa, watu walisali wiki saba chini ya miavuli, asihame hata mmoja.

Kisha nikafika kwenye ukurasa unaosema Baba ameacha kusoma Neno, bila sababu. Mama Cherehani, yule anayeshona kanzu za kwaya, aliniona nimekwama akacheka: "Mwanangu, hilo halikuandikwa lote. Baba yako alitusomea Neno miaka sita bila kuona herufi hata moja."

Macho yalipofifia, Baba aliona aibu kusema. Nyumbani alisingizia miwani imevunjika. Kila Jumamosi Mama Cherehani alimsomea, naye akakariri. Mwalimu wa kwaya alimsindikiza hadi mimbarini kama wanaopiga soga. Kanisa zima lilijua, kaka, na hakuna aliyefungua kinywa, hata siku aliposhika Biblia juu chini. Alipoanza kusahau mistari, aliomba mwenyewe kupumzika. Daftari la baraza linasema: "Tumekubali kwa huzuni."

Sasa linalonihusu mimi. Ni mimi niliyekuambia wamemfukuza. Nilipita mlangoni pa sakristia, nikamsikia mchungaji wa wakati ule akimwambia Baba, "Basi, Jumapili hutasoma tena," nikakuletea nusu ile kama habari kamili. Ukalisusa kanisa, hata tulipomzika Baba ulisimama nje ya ua wa kanisa. Nami nilishaanza kushuku, maana Baba hakukosa ibada hata moja, tena akiketi mbele kwa furaha. Niliogopa hasira zako, nikanyamaza. Nisamehe.

Historia nimeiandika yote isipokuwa kosa langu. Hilo nilitaka ulisome wewe kwanza. Ibada ya miaka themanini ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mama Cherehani anauliza kama utakuja. Nimemwambia nasubiri barua yako.

Wasalimie wifi na watoto. Mama anakubusu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba